Najenga nyumba ndogo, msicheke

Nilipomwambia jirani yangu wa fremu ya pili kwamba natafuta fundi wa kunijengea nyumba ndogo, alicheka mpaka soda ikampalia. "Mama Naima, nyumba ndogo si hujengewa na waume za watu? Wewe unajijengea mwenyewe?" Tangu siku hiyo nasema kijumba. Na ninyi mnaosoma shikeni neno hilohilo, tusije tukaelewana vibaya.

Kiwanja ninacho, kipo Vikindu, nje kidogo ya Dar es Salaam, mita 15 kwa 20. Nilimaliza kukilipia mwaka jana kwa vijihela vya sare za shule. Kwa sasa tumepanga Mbagala, chumba na sebule, na kila miezi sita ikiisha mwenye nyumba anataka mingine sita kwa mpigo. Kila nikimhesabia naona tofali zinaondoka.

Nilianza kwa kijana mmoja anayechora ramani. Hata sijakaa vizuri keshafungua kompyuta: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, mahali pa kulia, jiko, stoo, paa la kuficha nyuma ya ukuta. Nikamwambia tuko wawili tu, mimi na binti yangu wa darasa la sita. Akanijibu, "Dada, utajenga kidogo kidogo." Hizo kidogo kidogo naziona kila nikienda Vikindu. Mapagale yamefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, yakaishia hapo, na moja limeota mpapai sebuleni, tena unazaa.

Mimi ni mshonaji. Mteja akija simpi gauni la mtu mwingine nikamwambia utanenepa uje ulijaze. Nampima. Kwa nini basi nyumba nipewe ya kunenepea?

Nikajipima. Wiki nzima niliandika nyuma ya daftari la oda kila tulichofanya ndani na mahali tulipokifanyia. Ilikuwa aibu kidogo kusoma. Makochi yangu ya watu saba yalikaliwa na vitambaa vya wateja, pamoja na mgeni mmoja aliyekuja kudai. Chakula tulilia kwenye mkeka siku zote saba. Naima alifanyia kazi za shule juu ya kitanda changu kwa sababu meza ilikuwa na cherehani. Mimi nilishona usiku siku tano, mgongo ukiwa kwenye taa, najizibia mwanga mwenyewe. Kwa hiyo makochi yanauzwa. Kinachohitajika ni vitanda viwili, meza ya kukatia, cherehani na ovaloki, meza ya mtoto, jiko, choo na bafu, na kivuli cha kukaa nje.

Nilichora kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja nusu futi. Ramani ya kwanza ilikuwa futi 12 kwa 20, na kila kitu kiliingia. Nikaipeleka kwa fundi ujenzi kwa mbwembwe. Akaiangalia, akaigeuza, akauliza, "Mama Naima, kuta ziko wapi?"

Kuta nilizichora kwa kalamu, mstari mmoja mwembamba! Tofali ya inchi sita ukiipiga lipu ndani na nje inafika inchi saba na nusu. Toa hizo kila upande, futi 12 inabaki 10 na inchi 9, na 20 inabaki 18 na inchi 9. Nilipopiga hesabu, kuta za nje peke yake zilikuwa zimemeza futi za mraba 38. Kitanda changu cha tano kwa sita ni 30. Yaani kitanda kizima kilizikwa ukutani na mimi sikuona. Mtu ninayewagombeza wanagenzi kila siku kwa kusahau nafasi ya mshono.

Tangu hapo napima ndani kwanza, kuta naziongeza baadaye. Na vipimo vya ndani sikuvitoa kichwani. Kitambaa cha upana wa inchi 60 na cha inchi 45 havikatwi namna moja, unaanza na ulichonacho mezani. Bodi ya jipsamu ya dari ni futi 4 kwa 8. Chumba kikubwa nikakifanya 12 kwa 16, dari inakuwa bodi sita kamili, hakuna kukata wala vipande vya kutupa. Wazee wa pwani walifanya hivyo zamani. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu na Unguja utaona vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba. Mimi boriti yangu ni jipsamu.

Upande wa magharibi nikaongeza ukanda wa futi tano: choo na bafu pamoja, kisha jiko, vikishirikiana ukuta na bomba. Kwa nje kijumba kinakuwa futi 13 na inchi 3 kwa 23 kasoro kidogo.

Choo kukiweka magharibi si bahati nasibu. Kilichoamua nyumba itakaaje kiwanjani kilikuwa shimo. Mzee wa jirani ana kisima, kipo hatua chache ng'ambo ya pembe yangu ya kusini mashariki, na nusu ya mtaa wanachota pale. Ushauri unaotolewa ni shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwanja changu pembe kwa pembe ni mita 25. Niliamkia, nikaomba ruhusa, nikapima kuanzia mdomo wa kisima. Pembe ya kaskazini magharibi pekee ndiyo iliyofaa. Bahati nzuri barabara ipo kaskazini, kwa hiyo gari la kunyonya litafika bila kupita juu ya mihogo ya mtu. Shimo likishajua kwake, choo kinalifuata, jiko linafuata choo.

Jua nalo lilikubaliana na shimo. La jioni linapiga ukuta wa magharibi mpaka magharibi yenyewe, bora limpige choo kuliko kitanda changu. Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, dirisha likitazamana na dirisha, upepo ukiingia huku utokee kule. Paa la kuficha nililikataa. Nataka upenu wa futi mbili na nusu pande zote, ukuta upate kivuli na mvua isigonge dirisha. Paa hilo lina karibu mita za mraba 47. Mvua ya milimita 10 kwenye mita moja ya mraba ni lita 10, kwa hiyo mvua ya kawaida tu ya masika inaniletea zaidi ya lita 450. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani nzima, fundi kasema msingi wake utengwe.

Naima alitaka kulala juu. Ameona kwenye simu vijumba vya Marekani, vile vya magurudumu, vyenye ngazi na kitanda chini ya paa. Kule wengi huweka magurudumu kwa sababu miji mingi ina sheria ya ukubwa wa chini wa nyumba, na chenye magurudumu hakihesabiwi nyumba. Mimi sina ugomvi na magurudumu. Nilimpandisha kwenye stuli chumbani kwa shangazi yake, chumba kisicho na dari, saa nane mchana, mwezi wa pili, nikamwambia anyooshe mkono kuelekea bati. Hakuuliza tena. Kuta zitapanda kozi 12 za tofali badala ya 10, joto likae huko juu peke yake. Kontena nalo nililitazama. La futi 20 ndani halifiki futi 8 kwa upana, na ni chuma.

Siku niliyojifunza zaidi ni ile ya majivu. Nilibeba majivu ya mkaa ndoo mbili, kamba, vigingi na mkeka, nikaichora nyumba chini kiwanjani kwa ukubwa wake. Mlango, vitanda, kabati, sinki, vyote. Kisha nikaanza kuishi. Naingia, navua viatu, natundika mkoba hewani, naenda jikoni, narudi. Mzee wa kisima alisimama kwenye mpaka muda mrefu, mwisho akashindwa. "Mwanangu, huo ni ujenzi au uganga?"

Ujenzi, mzee. Lakini ulifichua mambo kama uganga. Mlango uliofungukia ndani uligonga kitanda, nikauhamisha futi mbili. Kati ya kitanda na meza ya kukatia nilikuwa nimeacha inchi 18, na kwenye daftari zilitosha. Nilipopita nimeshika ndoo ya maji, ndoo ikapita kwenye meza. Sasa ni inchi 26, nimezipima nikiwa na ndoo mkononi. Na meza itafungwa ukutani kwa bawaba, ikunjwe nikimaliza kukata. Cherehani imehamia dirisha la kaskazini, mwanga uingie kushotoni kwangu.

Naima alijilaza kwenye kitanda chake cha majivu, nyuma ya kabati la majivu. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mama, mlango." Nikamwambia kuna pazia. "Pazia siyo mlango." Ana miaka 12, na mimi nilikuwa naye chumba kimoja tangu azaliwe, kwa hiyo sikubishana. Plaiwudi moja itakuwa mlango wa kuteleza nyuma ya kabati. Imenigharimu inchi nne za njia. Ni inchi ambazo sizijutii.

Mama yangu alipoona picha aliuliza mambo mawili. Korido iko wapi, na msiba ukitokea watu watakaa wapi. La korido nilimjibu kwamba yeye amekulia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido katikati, lakini mchana alikuwa uani na jioni barazani, koridoni alipita tu. La msiba lilinikalisha. Kwa kweli hata nyumba kubwa ya mtaani kwetu, msiba ukiwa huko watu wapo nje chini ya turubai. Kwa hiyo nimeiacha kusini yote ya kiwanja wazi, hakuna kibanda wala tangi, na baraza ipo mashariki ambako mchana kuna kivuli cha nyumba yenyewe. Mama akasema sawa, ila yeye akija atalala kitandani na mimi chini. Hilo halikuwa la kujadiliwa.

Sare ya mtoto huwa naiachia pindo nene ndani, akirefuka tunalishusha. Nyumba nimeipa pindo moja. Dirisha la kusini nimelipa upana wa mlango, futi 3, na linta yake ipo usawa mmoja na linta ya mlango. Siku tukihitaji chumba kingine tunabomoa tofali za chini ya dirisha tu, linta haiguswi. Fundi alilipenda wazo hilo kuliko mimi, anaona kazi ya pili.

Ramani ya daftari haitapokelewa halmashauri kuombea kibali, kwa hiyo imerudi kwa yule kijana wa kompyuta aichore vizuri. Safari hii nimempa vipimo na nimekaa pembeni yake. Jana alinionyesha, ni ramani ya saba sasa. Kuta zipo, ndoo inapita, mlango wa Naima upo. Tulipomaliza akauliza, "Na friji, dada?"

Jumamosi narudi Vikindu na majivu.