Daftari la Ufukweni

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwachukua wanafunzi wangu wa darasa la tano hadi kwenye miamba ya Capri Point, hapa Mwanza, kila mmoja akiwa na daftari na penseli. Kabla ya jambo lolote huandika tarehe, saa, hali ya anga na upande unakovuma upepo, kwa sababu maelezo yasiyo na wakati wala mahali hayawezi kulinganishwa na ya mwezi ujao.

Nimewakataza kuandika "ndege mzuri". Nataka waandike walichokiona, kama alivyofanya binti mmoja aliyekaa kimya karibu nusu saa akimtazama mdiria mwenye madoa meusi na meupe, ambaye alisimama hewani juu ya maji huku akipigapiga mabawa, kisha akajitupa kichwa mbele na kuibuka na dagaa mdomoni. Wengine walimchora mjusi wa miambani, dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, wakahesabu mara ngapi aliinua na kushusha kifua mbele ya mwenzake.

Majini hawaingii, na katika hili sina mzaha, kwani konokono wa ziwani hueneza kichocho. Gugumaji tunalitazama tukiwa juu ya jiwe, na mahali lilipofika hutiwa alama kwenye ramani waliyoichora wenyewe. Mwezi uliopita lilikuwa limeziba ghuba ndogo yote. Safari hii upepo ulikuwa umelisukuma mbali, na watoto wakaligundua hilo kabla sijafungua mdomo.