Nilivyovuka kivuko kumwendea kaka yangu

Baba alipofariki mwaka 2011 alituachia shamba la minazi ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa Bweni. Kwa mirathi ya Kiislamu, fungu langu mimi mtoto wa kike lilikuwa nusu ya fungu la kaka, na sikuwa na kinyongo na hilo. Kilichonichoma ni kwamba aliliuza shamba zima bila kuniambia, nikapata habari kwa jirani. Kwa miaka sita sikukanyaga kwake. Tukikutana msibani tulisalimiana kwa ajili ya macho ya watu tu.

Chuki ile ilinisitiri. Maadamu nilimkasirikia, sikuhitaji kitu kwake, wala hakuwa na namna ya kuniumiza tena. Ndiyo maana wazo la kumwendea lilinitisha kuliko ugomvi wenyewe, kwa kuwa angeweza kunifukuza, na safari hii ningekuwa nimejipeleka mwenyewe.

Jumamosi moja nilipanda basi kutoka Tanga, mwendo wa kilomita 50 hivi, nikavuka kwa kivuko. Njia nzima nilipanga maneno kama mtu anayekwenda kwa kadhi: bei, tarehe, mashahidi. Kivuko kilipogusa Bweni nikatambua kwamba nikianza na hayo nitashinda hoja na kumpoteza ndugu.

Nilimkuta uani akifua nazi.

"Shikamoo, kaka. Uliniumiza sana, lakini nimechoka kuishi kama mtu asiye na ndugu."

Hakuinua uso. Alifua nazi tatu, moja baada ya nyingine, nami nikazihesabu nikiwa nimesimama na mkoba begani, nikiamini kwamba nimeaibika. Ya nne aliikita kwenye kifuo, akaiacha pale.

"Marahaba. Keti, mdogo wangu."

Alikiri kwamba aliuza kwa sababu ya deni na kwamba aliniogopa. Fedha hatukuzimaliza siku ile. Amekuwa akinilipa kidogo kidogo, na mwezi anaokawia humkumbusha bila kuficha, maana haki yangu sikuisamehe.

Juzi alikuja Tanga na watoto wake. Alinikabidhi bahasha jikoni nikiwa nachambua mchele, akazihesabu noti mara mbili mbele yangu, kisha akauliza kama bado ninayo ile mbuzi ya marehemu mama. Nilimtolea. Akaikalia, akaanza kukuna nazi.