Wiki tatu nzima nilisikiliza Black Sabbath wakisinzia

Sindano ilipogusa santuri, mama akatoka mbio kwenda kuanua nguo. Ilikuwa Jumamosi alasiri hapa Nyalenda, Kisumu, anga jeupe kabisa, na mvua aliyoisikia ilikuwa ndani ya spika: mvua, radi kwa mbali, kisha kengele inayogongwa polepole kama ya mazishi. Akarudi na beseni tupu. Akanitazama, akatazama jalada lililokuwa kwenye kochi. Lina mwanamke mwenye joho jeusi, amesimama mbele ya kinu cha kale, vichaka vimekauka, rangi zote za ajabu ajabu.

"Na huyu ni nani?"

"Ni picha tu, mama. Hicho ni kinu cha maji kule Uingereza, mahali panaitwa Mapledurham."

"Mgeuze."

Nikamgeuza akatazama ukuta. Hadi leo anakaa hivyo.

Santuri hiyo na mashine ya kuichezea zilitoka kwa binamu yangu aliyeko Marekani. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, ile bendi ya roki nzito ya Uingereza, alipofariki Julai 2025, wiki mbili na ushee baada ya kuwaaga mashabiki nyumbani kwao Birmingham, binamu alinipigia simu tukakumbushana enzi za sekondari, tulivyokuwa tukigombania kaseti moja iliyokatikakatika. Basi alipokuwa akijaza pipa la nguo na sabuni za kutuma nyumbani, akatia humo mashine ya zamani ya santuri na albamu ya kwanza ya Black Sabbath, akaviviringishia blanketi. Ni toleo la Marekani, la kampuni ya Warner Bros. Uingereza albamu ilitoka chini ya Vertigo, Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Marekani ikafuata baadaye mwaka huohuo, na wimbo mmoja wakaubadilisha.

Niseme mapema kwamba sikuwa mjinga wa umeme. Nyuma ya mashine paliandikwa volti 120, na soketi zetu zina 240. Ningeichomeka moja kwa moja ningesikia harufu kabla ya muziki. Nikanunua transfoma ya kushusha, nzito kama tofali, nikajisifu kidogo.

Kilichonisumbua mwanzoni ni mkanda. Ule mpira unaozungusha sahani ulikuwa umeyeyuka kwa uzee, umegeuka kitu kama lami, na ulinishika vidole kwa siku mbili hata baada ya kusugua na spiriti. Nikakata utepe kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Usifanye hivyo. Tyubu ina mahali pembamba na mahali panene, na kila sehemu nene ikipita, sauti inajikwaa. Mwishowe nikapima njia ya mkanda kwa uzi, nikatuma kipimo kwa rafiki aliyeko Nairobi, na mkanda mpya ukaja kwa matatu ndani ya bahasha.

Santuri yenyewe niliiosha kwa maji yaliyokenekwa, yale wanayouza kwa ajili ya betri za gari, na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini, nikifuata mzunguko wa mifereji na kukwepa karatasi ya katikati. Ikang'aa.

Halafu nikasikiliza, na kwa wiki tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kisumu.

Albamu hii nilikuwa nimeisikia mara nyingi kwenye simu, kwa spika ile ndogo inayolia kama nyuki ndani ya kopo. Kwenye santuri ilikuwa nzito mara dufu. Gita la Tony Iommi, mpiga gita wao, lilishuka kama lori la miwa linaloteremka mlima kwa gia ya kwanza. Ozzy alisikika kama mzee wa miaka hamsini aliyeona mambo. Wimbo wa kwanza, wa dakika sita na ushee, kwangu ulipita saba, na sikushtuka. Nani hupima muziki mtamu kwa saa? Nikaandikia marafiki ujumbe mrefu kwenye WhatsApp kuwaeleza kwamba hawajawahi kuusikia muziki huu, kwamba simu inaunyima uzito wake, kwamba sasa ndipo nimeelewa kwa nini watu wanalipa pesa nyingi kwa santuri. Ujumbe huo bado upo. Kuna mmoja hunitumia tena kila mwezi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa redio, karibu na soko la Kibuye. Nilimpelekea mashine kwa sababu spika moja ilikuwa inakoroma. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunuliwa matumbo, na kwenye rafu ya juu ana santuri ndogo za benga ambazo haziuzi kwa bei yoyote. Ujanani alikuwa akienda Kericho, kwa Chandarana, kuchukua santuri za kuja kuuza huku. Akagusa waya mmoja, koromo likaisha. Nikamwekea Black Sabbath ili ajionee mwenyewe.

Akasikiliza kidogo, kichwa ameinamisha.

"Omera, hii mashine inasinzia."

"Hapana mzee, muziki wenyewe ndio uko hivyo. Ni wa polepole."

"Muziki wa polepole na mashine inayosinzia ni vitu viwili."

Akainuka, akashusha santuri ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, akapangusa kwa kiganja, akasogeza mkanda kwenye spidi ya 45, ile ya santuri ndogo. Nilitamani ardhi ipasuke. Lile gita la benga ambalo hukimbia kama mbuzi aliyekata kamba lilikuwa linatembea, tena linachechemea. Misiani aliimba kama mtu anayezinduka kutoka kwa dawa ya usingizi. Mzee alicheka hadi akavua miwani.

Kosa langu ndilo hilo. Ningekuwa mpenzi wa muziki wa kasi ningegundua siku ya kwanza. Mimi nilinunua transfoma, nikabandika ubovu juu ya kitu ambacho tayari ni kizito, na ubovu ukanipendeza.

Sababu aliijua mara tu alipoinua sahani na kusoma maandishi kwenye mota. Transfoma hupunguza volti tu. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na mota ya aina hii huzunguka kwa kufuata hayo mapigo. Mota haijali sana volti. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinaenda kwa kasi ya sehemu tano kati ya sita. Tukahakikisha kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu. Santuri kubwa inatakiwa kuzunguka mara 33 na thuluthi kwa dakika, maana yake mizunguko 100 kwa dakika tatu kamili. Mimi nilihesabu kwa sauti, mzee akashika simu. Dakika tatu zilipoisha nilikuwa nimefika 83.

Dawa yake ni puli. Ile ya shaba iliyo kwenye mota, inayovuta mkanda, ilikuwa na upana wa milimita 15. Ukitaka sahani ikimbie zaidi kwa mota ileile, unaongeza upana: 15 mara 60, gawa kwa 50, unapata 18. Ina ngazi mbili, moja ya 33 na moja ya 45, na zote zinafuata hesabu hiyo. Mzee akaandika vipimo kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, tukavuka barabara hadi kwa kijana mwenye mashine ya kukerezea vyuma, ambaye siku hiyo alikuwa akitengeneza vipuri vya posho mili.

Puli ya kwanza haikufaa. Kwa macho ilikuwa nzuri, lakini tundu la katikati lilikuwa limekwenda pembeni kwa upana wa unywele, na unywele huo ulitosha: gita lilipanda na kushuka kama abiria aliyelewa kwenye mashua. Kijana akakasirika, si kwangu, kwa chuma. Akakereza ya pili bila kuinua kichwa, akiifuta na kuipima, akiifuta na kuipima. Shilingi mia nane kwa zote mbili.

Tulipokuwa tukingoja ndipo nilipomsimulia mzee habari za Iommi. Alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati Birmingham, na ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gita kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga iwe vikofia vya kuvalia vidoleni, akavigandisha vipande vya ngozi juu ili visiteleze, akatafuta nyuzi nyepesi, hata za banjo, ili asiumie.

Mzee alitazama mikono ya yule kijana kwenye mashine. "Basi huyo ni fundi wa jua kali," akasema.

Hakuhitaji kusema zaidi, na mimi pia nikanyamaza.

Mizunguko 100 ikachukua dakika tatu na sekunde moja. Sekunde hiyo moja tukaisamehe.

Mvua, radi, kengele. Halafu gita, noti tatu tu, ile ya tatu ikikataa kukaa vizuri na zilizotangulia, ndiyo inayotia hofu. Ozzy alipofungua mdomo nilishangaa: ni kijana! Walirekodi albamu hii Oktoba 1969 katika studio ya Regent Sound, London, na mtayarishaji Rodger Bain, kwa siku moja, wakipiga kama wako jukwaani. Siku hiyo Ozzy na Geezer Butler wa besi walikuwa na miaka 20, Iommi na Bill Ward wa ngoma 21. Wiki tatu nilikuwa nimewazeesha. Harmonika ya Ozzy kwenye wimbo wa pili, ambayo kwangu ilikuwa inanguruma kama meli, sasa ililia kama harmonika. Na ngoma za Ward! Kwa ile kasi ya usingizi nilidhani ni mtu anayepigilia misumari. Kumbe anacheza, mikono yake ina jazi ndani.

Mzee hakushangazwa na habari ya siku moja studioni. Alisema bendi za huku nazo ziliingia asubuhi na kutoka jioni na santuri. Kilichomkera ni besi. Kwenye benga, alisema, besi na gita hujibizana, mmoja akiuliza mwingine anajibu. "Huyu wa besi anamfuata wa gita kila anapokwenda. Kama mtoto na mama sokoni." Nilijaribu kumweleza kwamba uzito unatoka hapohapo, vyombo viwili vikitembea kwenye nyayo zilezile. Akaniambia niweke upande wa pili.

Tukausikiliza wote. Mwishoni akachukua ile puli ya zamani ya milimita 15, akaizungusha kati ya vidole.

"Sasa wanakimbia," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa na kitu."

Sikumwambia kwamba nami nilikuwa nikiwaza hivyohivyo. Kushusha kasi kwa sehemu moja kati ya sita hushusha sauti kwa nusu toni tatu, yaani freti tatu kwenye gita. Na mwaka 1971, kwenye albamu yao ya tatu, Iommi alilegeza nyuzi za gita lake kwa kiasi hichohicho kwenye baadhi ya nyimbo, vidole vyake vipate nafuu. Mashine yangu mbovu ilikuwa imewafikisha huko mapema.

Puli ya shaba ipo nyumbani, kwenye kikombe chenye sarafu, juu ya friji. Kuibadilisha kunachukua dakika tano na bisibisi ndogo. Nasubiri mama aende kanisani.