Nilivyoyaweza majina marefu ya operesheni

Mimi nasoma uuguzi hapa Mwanza na kilichokuwa kinanitesa thieta sio damu, ni majina. Na huwezi kuyapita juu juu, trakeotomi na trakeostomi, zote za bomba la hewa shingoni, mtu akitamka haraka unaweza usisikie tofauti na wakati ipo kubwa tu.

Nikaacha kukariri neno zima, nikawa naanzia mkiani kama unavyomparua sato magamba. Mkiani ndo kwenye kazi yenyewe. Tome kwa Kigiriki ni kukata, ukiweka ek mbele yake, yani nje, inakuwa ektomi, kukata na kutoa kabisa. Otomi ni kupasua tu, ila ostomi inatokana na stoma, mdomo, kwa hiyo hapo jua kuna tundu linaachwa wazi. Halafu ndo narudi mbele: khole nyongo, kystis mfuko, basi kolesistektomi ni kutoa mfuko wa nyongo, operesheni ambayo Carl Langenbuch aliifanya kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882. Hystera ni kizazi, histerektomi hiyo umeshaijua bila kuambiwa.

Sasa mkazo, hapa ndo palikuwa pagumu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho kwa hiyo ulimi unakimbilia ko-le-sis-tek-TO-mi, ila kwenye Kiingereza cha madaktari inakazwa ya tatu kutoka mwisho, kolesisTEKtomi, histeREKtomi, lapaROtomi (kupasua tumbo), koLOstomi (tundu la utumbo mpana), zote hivyo hivyo. Kilichoniokoa ni barabara. Ukisema baraBAra ya Kenyatta ni njia, ukisema kazi imefanyika baRAbara mkazo umerudi nyuma hatua moja, ni palepale wanapokaza madaktari! Kumbe tunao tayari. Nikawa kwenye kivuko cha Kamanga nasema taratibu baRAbara, halafu lapaROtomi, baRAbara, koLOstomi, mpaka tunafika ng'ambo. Mama mmoja jirani akaniuliza, "Mwanangu, hiyo histerektomi ndo ile ya kutoa kizazi? Dada yangu waliandika hivyo kwenye karatasi yake." Nikamwambia ndiyo mama, nikamkatia neno vipande, akalirudia mwenyewe vizuri kabisa, nilifurahi sana.

Ukitaka kujipima chukua salpingo-ooforektomi. Salpinks ni tarumbeta, ndo mirija ya uzazi hiyo, ooforo ni kinachobeba mayai, yani ovari. Sal-pin-go-o-o-fo-rek-to-mi, silabi 9, zile o mbili baada ya go kila moja itamke peke yake, na mkazo bado uko kwenye REK.