Kwa majibu mazuri

Jumapili, 15 Juni 2025

Ni maneno matano tu. "Nashukuru, mwenyekiti, kwa majibu mazuri." Niliyasema jana asubuhi chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa, mbele ya watu kama themanini, na tangu hapo hayajanitoka mdomoni. Nimefua nayo. Leo nimechambua nayo mchele, sinia moja nikalichambua mara mbili.

Wiki yenyewe ilikuwa kubwa. Mdogo wangu kajifungua mapacha Jumanne kule Kilosa, wa kike wote wawili, Alhamisi waziri wa fedha kasoma bungeni bajeti ya trilioni 56.49, na dukani bosi kaniongezea dirisha la pili la malipo bila kuniongezea mshahara. Yote hayo ningepaswa kuyaandika. Naandika kalavati.

Mnaonisoma tangu mwaka jana mnalijua korongo letu. Ile masika ya El Nino maji yalishuka kutoka milima ya Uluguru yakabeba kivuko cha magogo, na watoto wa shule wakawa wanavushwa mgongoni na vijana wa bodaboda, mia mia. Mtaa ukakaa ukakubaliana: kila kaya elfu tano, tununue mabomba na saruji ya kalavati la kupitishia maji chini ya njia, ufundi utatoka halmashauri. Mjumbe wetu macho hayaoni vizuri siku hizi, daftari nikashika mimi. Kaya arobaini na tatu, mwandiko wangu, jumla shilingi 215,000. Nikazipeleka mwezi wa nane kwenye bahasha ya kaki. Nikaomba stakabadhi. Nikaambiwa kitabu kimeisha, njoo wiki ijayo. Novemba tukapiga kura za serikali za mitaa, mwenyekiti akarudi. Wiki ijayo haikurudi.

Katika hizo kaya arobaini na tatu yumo Bibi Mkaa, jirani yangu wa mkono wa kushoto, aliyetoa elfu tano yake kwa awamu nne. Alikuwa anafungua pindo la kanga, anahesabu sarafu za mia tano kwenye kiganja changu, kisha ananiambia, "Andika nikiona." Nilikuwa naandika anaona. Hajui kusoma, lakini alikuwa anaangalia kalamu mpaka inyanyuke.

Basi jana. Ajenda zilikuwa ulinzi shirikishi, usafi, salamu za wageni kutoka kata, na mengineyo. Salamu za wageni zilichukua saa nzima. Tulisomewa fedha ambazo "Mama ametuletea", Mama ndiye Rais, mradi kwa mradi, na kwa kila mradi makofi. Tulifika mpaka kwenye madarasa ya mwaka 2021, yale ya fedha za UVIKO, tukayapigia makofi upya. Nikakumbuka kwamba ile trilioni 1.3 ilikuwa mkopo wa IMF, kwa hiyo pale tulikuwa tunapiga makofi kwa deni letu wenyewe. Nilipiga na mimi. Mkono ukiona wenzake wanapiga, hauulizi.

Mengineyo yalipofika nikasimama. Nayaandika hapa kama yalivyokuwa, maana kichwani yameanza kubadilika kidogo kidogo ili nionekane jasiri.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa naomba kufahamu, ile michango ya kalavati ya mwaka jana imefikia wapi? Na tungeomba mapato na matumizi yasomwe, maana tangu uchaguzi hatujasomewa."

Kimya. Akanitazama, akatabasamu, akageuka kwa wageni wake.

"Huyu ni binti wa marehemu mwalimu, yule wa pale kona. Siyo?"

"Ndiyo mwenyekiti."

"Mzee wako alikuwa mtu mwema sana. Mtu mpole. Hakuwa na maneno mengi." Watu wakaguna kukubali, hata mimi nikatikisa kichwa. "Sasa, mwanangu, suala la kalavati lipo kwenye mchakato. Tunalifanyia kazi. Tuvute subira."

Na mimi, mwenye daftari, mwenye majina arobaini na tatu, nikasema: "Nashukuru, mwenyekiti, kwa majibu mazuri." Nikakaa. Makofi.

Majibu yapi? Hebu yahesabuni. Nimeuliza mawili, nimejibiwa kwamba baba yangu alikuwa mpole.

Usiku mzima nilikuwa najiuliza yale maneno yametoka wapi, maana mimi siongei hivyo. Kumbe najua yalikotoka. Yametoka kwenye redio ya baba. Wakati wa Bunge la bajeti ile redio ilikuwa haizimwi, kipindi cha maswali na majibu kilikuwa kama azana ndani ya nyumba yetu. Tulikuwa tunacheza bunge uani na wadogo zangu, mimi spika kwa sababu ndiye mkubwa, kitenge begani. "Mheshimiwa Spika, nakushukuru. Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Tulikuwa hatujui nyongeza ni nini lakini tulikuwa tunaijua nafasi yake, kama kiitikio cha wimbo.

Na hapo ndipo panaponichoma. Mbunge akishasifia majibu hata kama ni ya hovyo, ana maswali mawili ya nyongeza. Hiyo sifa ni mlango, anaupitia. Mimi nilisifia nikakaa. Nimerithi nusu ya kwanza tu ya sentensi.

Nimemwambia mdogo wangu wa mwisho (huyu aliyemaliza kidato cha sita mwezi uliopita na sasa anakula bila mpangilio), naye badala ya kunionea huruma akatoa simu, akanisomea Katiba. Ibara ya 8, hii hapa dada, serikali itawajibika kwa wananchi, imeandikwa kwa Kiswahili siyo Kichina. Nikafurahi. Nikamwambia nitumie, nikaisome mkutano ujao. Akacheka kile kicheko chake cha kukera, akapandisha juu kidogo kwa kidole. Ibara ya 7, ibara ndogo ya pili. Masharti ya sehemu ile, ambayo ndani yake imo hiyo ibara ya 8, hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote.

"Yaani?"

"Yaani serikali inawajibika kwako, ila ikigoma usiende mahakamani."

Nimeisoma mara tatu, ni kweli. Miaka yote nimekuwa nikisikia ibara ya 8 ikitajwa kwenye makongamano, hakuna aliyewahi kunionyesha ya 7. Ni kama ile bahasha ya kaki: fedha zimepokelewa, stakabadhi hakuna.

Tena siyo kwamba nchi haina watu wa kuhesabu. Kila mwaka mwishoni mwa Machi CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anampelekea Rais ripoti, Aprili inatua bungeni, na sisi mtaani tunaipata kwenye WhatsApp vipande vipande, tunaguna kwa wiki mbili kisha tunarudi kwenye mpira. Profesa Assad alipokuwa CAG alitamka neno moja, udhaifu, kuhusu Bunge. Januari 2019 akaitwa mbele ya kamati ya maadili, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Nchi nzima ikabaki inajadili neno, hesabu zikakaa pembeni zinasubiri. Sijilinganishi na profesa, mimi ni keshia. Nasema tu kwamba ukiuliza fedha ziko wapi, jibu la kwanza huwa ni kuhusu wewe. Umesema neno gani. Mtoto wa nani.

Dukani kwetu, jioni droo ikipungua mia tano, inakatwa kwangu. Hakuna mchakato. Bosi haniulizi baba yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Na kuhusu baba: hakuwa mpole! Hili nataka liandikwe mahali. Alikuwa mkimya, ni vitu viwili tofauti. Alikuwa anaandika barua. Alimwandikia mkurugenzi kuhusu malimbikizo yake ya mshahara kwa miaka sita mfululizo, nakala kwa huyu, nakala kwa yule, na kila barua aliibandikia kumbukumbu namba yake mwenyewe kama vile nyumba yetu ni wizara. Hakulipwa yote. Lakini mtu anayekuandikia barua miaka sita siyo mpole. Mwenyekiti anajua, maana nyingine zilipitia kwake kugongwa muhuri.

Basi leo alasiri nikajikaza nikaenda kwa Bibi Mkaa. Jana hakuja mkutanoni, miguu. Nilikuwa nimejiandaa kuvunjiwa heshima.

"Elfu tano yangu umeiulizia?"

"Nimeiulizia, bibi."

"Akasemaje?"

"Amesema ipo kwenye mchakato."

Akaacha kupima mkaa. "Mchakato?" Akanitazama kama nimemletea habari ya ndugu yake. "Mchakato naujua mimi. Si nimefanya kazi kwenye mkonge? Jani linaingia kwenye korona upande huu," (korona ni mashine, siyo ule ugonjwa), "linachakatwa, upande wa pili inatoka singa, zile nyuzi za katani. Unaiona. Unaishika, unaianika juani. Makapi na maji machafu yanakwenda na mfereji. Sasa hii yake inachakata tangu mwaka jana, singa iko wapi?"

Nikaanza kucheka. Sikutaka.

"Mwambie azime mashine," bibi akasema. "Inakula majani tu."

Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kununua kopo la mkaa akasimama anatutazama, na bibi akamhadithia upya kuanzia mwanzo, na mteja naye akasema elfu tano yake imo humo humo kwenye korona. Nadhani kesho mtaa mzima watakuwa wanaliita kalavati singa. Nilirudi nyumbani mwepesi, mara ya kwanza tangu jana. Nikala.

Halafu, wakati naosha vyombo, nikakumbuka jambo ambalo nadhani nimekuwa nikilizunguka toka aya ya kwanza. Mdogo wangu wa mwisho anaanza kujaza fomu za mkopo wa chuo. Fomu zinapita serikali ya mtaa, zinahitaji sahihi na muhuri. Barua ya utambulisho nayo inahitaji muhuri. Vyeti vya kuzaliwa, dhamana polisi, mkopo wa benki, kila kitu hapa mjini kinaanzia kwenye ule muhuri wa wino wa bluu uliofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Na nilipokuwa nimesimama chini ya mwembe nilikuwa nalijua hilo. Sikulifikiria, ila nililijua, kama unavyojua bila kutazama kwamba jiko lina moto.

Kwa hiyo labda siyo redio ya baba. Labda nilishukuru kwa sababu ya muhuri, na redio imenipa tu maneno. Hili bado silipendi kuliandika lakini nimeliandika.

Na haiishii hapo, maana huyu mtu siyo jitu. Baba alipofariki alikuwa wa kwanza kufika, alisimamia kaburi kwenye mvua, viatu vikamharibikia. Shilingi hakutudai. Ningejua namna ya kumchukia mtu aliyekaa Dodoma kwenye kiyoyozi, huyu tunakutana naye kwenye mihogo ya kukaanga.

Nimelitoa daftari chini ya godoro. Majina yote yapo, tarehe zipo, awamu nne za bibi zipo. Kesho saa nne nina ruhusa ya saa moja kutoka kazini kwa ajili ya hizo fomu. Nimeandika barua, nusu ukurasa: naomba stakabadhi ya shilingi 215,000 zilizopokelewa ofisini kwako mwezi Agosti 2024. Nakala kwa mtendaji wa kata. Nimeipa kumbukumbu namba, ya baba ile ile, nikabadilisha mwaka. Sijaamua kama nitaitoa kabla ya muhuri kugongwa au baada. Mdogo wangu anasema baada, dada, usiwe mjinga. Bibi Mkaa sijamuuliza, najua atakachosema.

Nilitaka kuendelea lakini shemeji kapiga simu kutoka Kilosa saa mbili hii. Kulwa mzima. Doto hanyonyi vizuri tangu jana jioni, anashika ziwa anaachia, analala. Muuguzi wa zamu kawaambia wamkamulie wampe kwa kijiko wasubiri daktari asubuhi. Nikamwambia shemeji amuulize muuguzi kuhusu homa, na kama mtoto amekojoa mara ngapi tangu mchana, na anipigie. Hajapiga. Nimemtumia ujumbe, tiki ni moja, sijui kama ni chaji imeisha au ni mtandao. Sasa ni saa sita kasoro na bado ni moja.