Hilo dogo, tuendelee

Tangu Jumanne najisikia nikisema maneno hayo matatu. Nikikanda unga wa mahamri, nayasikia. Nikikunja msala, nayasikia. Wala sauti haikuwa kali. Ingekuwa kali labda ningeomba radhi pale pale. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye haraka, na hakuna aliyenikimbiza.

Wiki hii posa ya mdogo wangu imejibiwa, umeme ulikatika siku mbili mtaani, na shangazi wa Faza ameshuka na boti ya asubuhi akiwa na mizigo ya kukaa mpaka Idi. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Darasa langu mnalijua. Meza moja kwenye msana wa chini, ule ukumbi mrefu wa nyumba, wanafunzi wanne: Kaka Mkubwa wa miaka 17, wale pacha wa 14, na Chiriku aliyetimiza 11. Ile kamba ya makumbi bado imetandwa ukutani, mita tano, kila mita miaka elfu, na sisi wa leo tuko upande wa mlango. Malkia Hatshepsut na jahazi zake za kwenda nchi ya kale ya Punt wananing'inia karibu mita tatu na nusu kutoka mlangoni. Msikiti wa kwanza wa Shanga, ule ambao mwanaakiolojia Mark Horton aliufukua miaka ya 1980 huko kisiwani Pate, uko kwenye mita moja na robo. Jumanne tulifunga kikaratasi kipya, mita mbili kasoro kidogo: Periplus ya Bahari ya Erythraea.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu muhula uanze. Ni mwongozo wa safari na biashara, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mtu wa Misri ambaye hakuacha jina lake. Anashuka pwani yetu, anaiita Azania, anataja soko baada ya soko. Akifika kisiwa anachokiita Menouthias anaeleza kwamba watu wanavua kwa vyombo vilivyosukwa, wanavitega penye mlango wa maji. Pacha wakaruka pamoja: "Madema!" Kisha anafika Rhapta, soko la mwisho, ambalo jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu mashua za huko zilikuwa za kushonwa. Hapo hata Kaka Mkubwa aliacha kuchezea kalamu. Babu zake waliunda mitepe, mashua za kushonwa.

Sasa, kusomesha mtu wa miaka 11 na wa miaka 17 kwa maandishi mamoja ni kama kupakua chungu kimoja kwa mtoto anayeota meno na kwa baharia aliyerudi. Kaka Mkubwa ana mitihani mbele yake, na nilikuwa nimemwandalia insha kuhusu mvinyo na ngano, kwa sababu mwandishi anasema vitu hivyo vililetwa huku kwa ajili ya kujipendekeza kwa wenyeji, si kwa kuuza. Ni kifungu kizuri sana cha kumfundishia kijana jinsi biashara inavyotangulizwa na heshima. Lakini ili ufike kwenye mvinyo lazima upite orodha ya bidhaa. Nilikuwa nimeitafsiri usiku, nikaisoma mbio: mikuki iliyotengenezwa Muza, kule Yemen, mashoka, visu, misharasi midogo, yaani vyuma vya ncha vya kutobolea, na vito vya kioo vya namna namna.

Chiriku akanyoosha mkono.

"Mwalimu, misharasi ilikuwa ya nani?"

"Ya watu wa huku. Waliletewa."

"Watu gani wa huku?"

"Hilo dogo, tuendelee."

"Haya."

Hiyo haya yake ndiyo iliyonikaa. Kuna haya ya kukubali, kuna haya ya kuagana, na kuna haya ambayo ni aibu yenyewe. Yake ilikuwa fupi, ya mtu anayefunga dirisha taratibu ili asimwamshe aliyelala. Mimi nikaendelea. Dakika kumi nzima za mvinyo na ngano. Kaka Mkubwa akauliza kodi ilikwenda kwa nani, swali la kiutu uzima kabisa, tukasoma jinsi Rhapta ilivyokuwa chini ya mtawala wa Mapharitis, jimbo la huko huko Yemen, na jinsi watu wa Muza walivyotuma manahodha Waarabu waliooa huku na waliojua lugha ya huku. Nilimsifu mbele ya wenzake. Chiriku alikuwa akichora ramani yake: kaskazi kwa rangi nyekundu, kusi kwa buluu, mishale imenyooka. Hakuuliza tena. Jumatano hakuuliza. Alhamisi alijibu alipoitwa tu. Huyu ndiye mtoto aliyewahi kunikatiza mara tano ndani ya Sheria za Hammurabi.

Nimejaribu kujitetea. Muda ulikuwa mfinyu, kweli. Orodha ilikuwa ndefu, kweli. Lakini kila nikilirudia lile swali naliona limezidi kuwa kubwa. Na jambo lililonichoma zaidi nililikumbuka usiku wa Jumatano, gizani, nikitafuta kiberiti: babu yake Chiriku ni mshona makubadhi. Neno hilo mimi nililitoa kwenye tafsiri ya Kiingereza ya Lionel Casson, ya mwaka 1989, nikafungua kamusi nipate Kiswahili chake. Yule mtoto ameushika msharasi kabla hajashika kalamu. Pale mezani, pamoja na mimi mwalimu, ni yeye peke yake aliyejua nasema nini.

Alhamisi baada ya alasiri nilichukua kubadhi la mume wangu lililokatika ukanda nikaenda kwa mzee. Nikampa salamu, akaniambia, "Ndoo ukae, mwanangu," akanisogezea mkeka. Nikamwomba anionyeshe misharasi yake. Akatoa mitatu kutoka kwenye kopo. Mkubwa ulikuwa na mpini uliong'aa kama jiwe la mtoni. Mdogo ulikuwa umelika hadi unakaribia kuwa sindano.

"Huu mkubwa niliachiwa na baba," akasema. "Huu mdogo ndio unaokwisha. Kila siku natafuta mwingine."

Nilinyamaza. Njiani nilikuwa nimeshajijengea somo zima, kwamba misharasi ile ilitumika kutobolea mbao za mashua, kwa hiyo kila kitu kwenye kitabu kimefungamana, nitarudi nimwambie Chiriku jibu. Nikamuuliza mzee. Akatikisa kichwa. Mbao ni kazi ya keke, akasema, msharasi ni wa ngozi. Somo langu likaporomoka pale mkekani, na sikuona uchungu hata kidogo, maana lile neno "midogo" lilikuwa limeanza kung'aa. Mwandishi hakusema misharasi tu, alisema midogo. Ile inayokwisha.

Nilirudi kwa njia ya ufukoni, kubadhi mkononi, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata darasani mwaka huu. Hebu fikirini. Mfanyabiashara wa Muza hapakii msharasi jahazini kwa ajili ya mtu asiye na kazi nao. Alijua kwamba huku chini kuna mtu ambaye wake umelika, anangoja upepo ugeuke ndipo apate mwingine. Kitabu kizima hakitaji jina la mtu mmoja wa pwani hii. Pembe za ndovu zimetajwa, magamba ya kasa yametajwa, waliovitoa hawakutajwa majina. Halafu katikati ya mikuki na vito vya kioo pamebaki kifaa kinachoingia ndani ya kiganja, na mtoto wa miaka 11 akakiona kiganja chenyewe. Watu gani wa huku? Kaka Mkubwa aliuliza kodi ilikwenda kwa nani. Chiriku aliuliza kazi ilikuwa mikononi mwa nani. Swali lake ndilo gumu zaidi, na mimi nililiita dogo.

Leo asubuhi kabla hawajafika nilifunga kikaratasi cha pili pembeni ya Periplus. Nimeandika: Misharasi midogo, ya watu gani wa huku? Chini yake nikaandika jina lake, lile la kweli. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu nilimkata mbele yao. Akainama, akasema, "Si neno, Mwalimu." Baadaye, wengine wakinywa chai, nilimwona amesimama kwenye kamba anakaza fundo la kile kikaratasi. Swali hakuuliza. Bado.

Chai yenyewe shangazi aliionja akaitua. Amesema maji ya kisima chetu yameingia munyu, na yeye ni mtu wa Faza, maji ya chumvi anayajua. Nilionja baada yake na sikuwa na hakika, nikaonja tena jioni nikawa na hakika. Mvua za masika hazijaonyesha hata wingu. Nyumba inakaribia kuwa ya harusi, na kisima ni hicho kimoja. Kesho alfajiri namtuma kijana kwa mjomba, aje na kamba yake tupime kina.