Saa mbili ambazo sikuzifanyia kazi

Juzi, karibu na saa 6 usiku, nilikuwa nikijaza jedwali la saa za kazi za wiki nzima. Jumatano nilifanya kazi kwa saa 5, na tarakimu hiyo ilikuwa tayari imeandikwa mahali pake. Nikaifuta, nikaandika 7, kisha nikasonga mbele hadi Alhamisi bila mkono kusita wala moyo kunienda mbio. Nafsi ilianza kunisuta asubuhi, nikiwa napiga mswaki.

Utetezi ulionijia kwanza ni uchovu, nao hauna upungufu wa wasomi wa kuutetea. Mwaka 1998, mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake waliwaketisha watu mbele ya biskuti za chokoleti zilizotoka kuokwa, wakawaambia baadhi yao wale figili tu. Walipopewa fumbo lisilo na jibu, wale wa figili walikata tamaa baada ya dakika 8 hivi, ilhali waliokula vitamu walivumilia kwa takriban dakika 19. Dhana iliyotokana na hayo ni kwamba uwezo wa kujizuia hupungua kadiri unavyotumiwa, kama maji ya mtungi. Nilikuwa nimeshaanza kujiliwaza kwa mtungi huo nilipokumbuka kwamba maabara 23 ziliipima upya dhana hiyo, kwa jaribio la namna nyingine na watu zaidi ya 2,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha athari iliyokaribia sifuri.

Lakini hata kama mtungi upo, usiku ule sikuugusa. Anayeshindwa kujizuia huwa angalau ameshindana na jambo fulani, na mimi sikushindana na chochote, kwa sababu nilipokuwa nikiifuta ile 5 sikujiambia kwamba ninadanganya. Nilijiambia kwamba "ninasawazisha", kwa kuwa Jumatatu nilipokea simu mbili za kazi baada ya muda wa kazi kwisha. (Simu zote mbili, nikihesabu kwa haki, hazikufika dakika 15.) Albert Bandura, aliyechunguza jinsi watu wema wanavyojiruhusu kutenda maovu, aliyataja maneno ya kulisafisha tendo kuwa mojawapo ya njia hizo. Nilikuwa nikidhani maneno hayo ni ya wakubwa wenye mambo makubwa ya kuficha, kumbe neno moja la kihasibu lilitosha kuifanya dhamiri yangu isiitwe kabisa kwenye shauri.

Barua ya kusahihisha jedwali niliiandika mchana, na ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa barua ya mistari mitatu. Nilipofika kwenye sababu ya kosa niliandika "uchovu", nikalifuta. Nikaandika "nilikosea kuhesabu", nikalifuta pia. Mwishowe niliandika kwamba Jumatano nilifanya kazi kwa saa 5 na kwamba ile 7 niliiweka mwenyewe, nikaituma kabla sijapata neno jingine.